Mabomba Sita ya Gari la Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku ya kwanza ya likizo. Mke wangu anaamini nimeichukua ili nitengeneze mlango wa jikoni. Aamini tu.

Nimewasha gari la marehemu baba mkwe. Injini ya silinda sita, zimepangwa mstari mmoja, umri wake unakaribia wangu. Tatizo ni manifodi, lile pande la chuma ubavuni mwa injini linalokusanya moshi wa silinda zote na kuupeleka kwenye bomba. Imepasuka katikati. Gari limeshindwa kupanda hata kimwinuko cha getini kwetu. Nimelisukuma. Mgongo!

Mama mkwe alisimama kando, mkono juu ya boneti, kama kila asubuhi. Masikio yake yamefifia huu mwaka wa tatu. Aliniuliza nitaliwasha saa ngapi. Wakati huo lilikuwa linanguruma! Nikamwonyesha kidole gumba. Akatikisa kichwa, akaingia ndani.

Jioni kikao cha familia. Shemeji, kaka wa mke wangu, anataka gari liuzwe chuma chakavu ili apate pa kujenga banda la kuku. Mama mkwe akakata shauri mwenyewe. Jumamosi tumpeleke kwa dada yake, kule juu kilimani, kwa gari hili hili. Likifika, ni langu. Lisipofika, Jumatatu lori la vyuma lije. Shemeji alitabasamu mpaka magego yakaonekana. Haya, mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekwenda kwa Fundi Polepole. Jina la utani, lakini analitendea haki. Alizunguka gari mara tatu kabla ya kuniitikia salamu.

Kumbe kuna njia tatu. Ya kwanza, kuziba ufa wa manifodi ya zamani. Chuma cha namna ile kinapashwa moto taratibu, kinachomelewa, kisha kinafukiwa kwenye majivu siku nzima kipoe. Hata hivyo hakuna dhamana. Ya pili, manifodi ya vipande viwili, kila kipande kinahudumia silinda tatu. Nzito, tulivu, na iko rafuni kwake, tayari. Nusu siku ameshaifunga. Ya tatu, mabomba sita marefu, kila silinda na lake. Yana sura nzuri, akasema, na kelele za kuamsha wafu. Tena yanataka vipimo sahihi, kosa la kidole kimoja ni safari nzima kuharibika.

Alinishauri ile ya vipande viwili. Nikamwambia nitafakari kwanza.

Nitafakari nini? Jirani yangu, yule daktari wa meno, ana gari kama langu, na lake lina mabomba sita yanayong'aa. Kila Jumapili hufungua boneti ili wapita njia waone. Siwezi kushindwa na mtu anayeishi kwa kung'oa magego!

Jumatano, 8 Oktoba

Mpango umeiva. Uamuzi utoke kwa mwenye gari. Nikachora picha tatu kwenye daftari, nikampelekea mama mkwe na chai. Manifodi ya zamani niliichora mbaya makusudi. Akaweka kidole kwenye mabomba sita! Akasema ni mkono mzuri, ila una kidole cha ziada, akauliza ni mkono wa nani. Nimelihesabu hilo kuwa idhini.

Nikarudi kwa Fundi Polepole, nikamwambia mwenye mali ameagiza mabomba sita. Akajibu kwamba basi mwenye mali aje ashike spana. Mimi na yeye tukaachana pale.

Haidhuru. Nyuma ya soko yuko fundi wa mageti. Alikiri hajawahi kutengeneza manifodi, lakini amekunja vyuma vya ngazi za ghorofa tatu, na kona ni kona. Huyo ndiye mwanamume! Alitaka vipimo kabla ya saa saba.

Mke wangu ni fundi cherehani, futi hazikosekani. Nimechukua ile ya zamani kwenye droo, niliyoikata ncha mwaka jana nikafungie antena. Inaanzia sentimita nne, lakini nani anatazama mwanzo wa futi? Kipimo kinasomwa mwishoni. Nikalala chini ya gari, nikapima, nikaandika. Mke wangu akaja kuuliza habari za mlango. Nikafumba macho kama mtu aliyefariki kazini.

Alhamisi, 9 Oktoba

Daktari wa meno amekuja kwenye ukuta wa uani. Akanong'ona kwamba anajuta kufunga yale mabomba. Mkewe hapandi tena gari lake. Wagonjwa wakimsikia anafika, wanatoka kwa mlango wa nyuma. Akauliza kama naweza kumpa manifodi yangu iliyopasuka, ataiziba.

Sijazaliwa jana. Amesikia habari za mabomba yangu, sasa anatetemeka! Nikamkatalia kwa heshima zote. Manifodi nimeifungua garini, nimeificha chini ya kitanda.

Alasiri mabomba yakafika. Sita, yamekunjwa vizuri, yanakutana chini kama familia kwenye picha. Na juu, pale yanaposhikana na injini, fundi ameweka ua dogo la chuma. Anasema mkono umezoea mageti, alishtuka ua limeshaingia. Mimi nimelipenda.

Ijumaa, 10 Oktoba

Fundi Polepole amekubali kuja nyumbani kuyafunga. Anadai ni kwa huruma ya gari, si yangu. Alilitazama lile ua kwa muda mrefu sana.

Juu yamekaa sawa. Bolti zote zimeingia, gasketi haivuji. Chini ndiko kwenye neno. Fundi akatoa kipimo chake, akapima, akaniuliza nilitumia futi gani. Nikamwambia ya kushonea. Akakalia tairi. Akasema mabomba yamening'inia karibu vidole vitatu chini ya inavyotakiwa, na kwamba nikifika kwenye tuta nipite ubavu na nimkumbuke Mungu. Nikamwambia barabara itazoea.

Tukawasha. Alaa! Sauti iliyotoka si ya kusimuliwa. Kuku wa jirani wametagia mbali leo. Mlango wa jikoni ukatikisika, ukatikisika, ukaanguka wote. Mke wangu alitoka na sindano mdomoni. Nikamweleza kwamba sasa hatuna tena mlango mbovu. Hakucheka.

Usingizi nitaupata wapi? Nikishindwa kesho, nitalitazama lori likiondoka na gari ambalo mama mkwe analishika kila asubuhi. Nimeliwaza hilo leo zaidi ya nilivyomwaza daktari wa meno. Kwa kweli linaniuma.

Jumamosi, 11 Oktoba

Lazima niandike kabla sijalala.

Tuliondoka saa tatu asubuhi. Mama mkwe mbele, kando yangu, amevaa vizuri. Mke wangu nyuma, na shemeji pembeni yake, amekuja kuwa shahidi wa msiba wangu. Tuta la kwanza, kwaa! La pili, kwaruu! Shemeji akauliza kwa upole kama hiyo ni sehemu ya muziki.

Kilima kinaanza baada ya shule ya msingi, na mbele ya shule kuna tuta refu kuliko yote. Nilipita ubavu. Nilimkumbuka Mungu. Tukasikia kishindo, na kwenye kioo nikaiona sailensa yangu, lile kopo la kuzima kelele, imelala barabarani, tumeshaipita.

Sasa hapo ndipo gari lilipopiga kelele! Yale ya jana yalikuwa minong'ono. Mke wangu aliziba masikio. Nikasimamisha gari. Shemeji akashuka, akaiokota sailensa kwa kitambaa, akarudi anatafuta namba ya mwenye lori kwenye simu. Nikazidisha mafuta injini isizime. Nilijua mambo yamekwisha.

Mama mkwe akainua mkono. Akaweka kiganja kwenye dashibodi. Machozi yakaanza kumtoka, nikadhani nimemuumiza, nikataka kuzima. Akanishika mkono nisizime.

“Nalisikia,” akasema. “Jamani, nalisikia! Hivi hivi ndivyo baba yenu alivyokuwa akiingia getini. Haya mwanangu, panda!”

Miaka mitatu hajasikia hata mlango ukigongwa. Nililia waziwazi, sioni aibu. Nikaweka gia ya pili, tukapanda. Mabomba hayakuvuja hata tone la moshi, nguvu zote zikaenda kwenye magurudumu. Watu walitoka majumbani. Dada yake alikuwa getini muda mrefu kabla hatujafika, maana naye hasikii vizuri, na alitusikia tangu shuleni.

Mama mkwe alimwamuru shemeji aifute ile namba. Aliifuta mbele yetu sote. Kisha akarudi nyumbani na sailensa mapajani.

Gari ni langu!

Jumapili, 12 Oktoba

Fundi Polepole amekuja kumpongeza mama. Akanivuta kando, akaniambia nimeokolewa na kosa langu mwenyewe, na kwamba ile manifodi ya vipande viwili bado iko rafuni. Wivu tu. Daktari wa meno naye amekuja tena kuulizia ile iliyopasuka. Ameambulia chai.

Mama mkwe amepiga marufuku sailensa kurudishwa. Asubuhi amekaa ndani ya gari nusu saa nzima, limewaka, anatabasamu. Mke wangu ameninunulia bawaba za mlango wa jikoni, ameziweka juu ya mto wangu. Likizo bado ina wiki.

Lakini nimewaza. Injini ina silinda sita na kabureta moja ya kuchanganyia petroli na hewa. Moja! Zikifungwa tatu? Fundi wa mageti anasema hajawahi, ila ametengeneza matangi ya maji, na tundu ni tundu.

Vipimo viko tayari. Nimetumia futi ile ile. Futi yenye bahati haibadilishwi.