Jinsi Kawsar wa Tassia Alivyoitwaa Ngome ya Stoo

Tegeni masikio, enyi wakazi wa Tassia, ninyi mpandao ngazi za ghorofa sita na mtungi wa maji mkononi. Njooni nanyi wa Mukuru kwa Reuben, msimamao alfajiri langoni pa viwanda mkingoja kuitwa. Zimeni redio, injikeni chai, mketi. Maana nataka kuwasimulia habari za Kawsar binti Magan, mlinzi wa milango isiyoonekana, na vita alivyovipiga Ijumaa moja katika stoo ya unga, pasipo upanga wala ngao, akiwa na kompyuta ya mapajani na subira.

Kawsar huyu, binti wa muuza mashuka wa Eastleigh, alijifunza ulinzi wa mitandao miaka miwili kwa masomo ya bure, juu ya kompyuta kuukuu iliyonguruma kama kinu cha kusaga mahindi. Mtihani wa cheti ulimwangusha mara ya kwanza. Akalia siku moja, akarudi, akauangusha yeye. Kisha akatuma maombi ya kazi arobaini na moja, na majibu yote yakaimba wimbo mmoja: twataka mwenye uzoefu wa miaka mitatu. Naye akaziuliza mbingu uzoefu huo huuzwa soko gani, na mbingu hazikujibu.

Ombi la arobaini na mbili likafika kiwanda cha biskuti, kwa Muriuki, mkuu wa kompyuta, naye akampa miezi mitatu ya majaribio. Kawsar alidhani atapigana na wezi wa kimataifa. Muriuki akamkabidhi orodha ya wafanyakazi ishirini na wanane.

"Kila mmoja abadilishe neno lake la siri," akasema. "Ukiwamaliza kabla ya saa kumi Ijumaa ya mwisho ya majaribio, nitakuombea kazi. Akibaki hata mmoja, sitakuwa na la kumwambia mkurugenzi."

Ishirini na saba wakasalimu amri. Akabaki Teresiah, aitwaye Mama Eve, Malkia wa Magunia, mtunza stoo ambaye kwa miaka kumi na mmoja hakubadilisha neno lake, tena alikuwa ameliandika kwenye karatasi na kulibandika juu ya kioo cha kompyuta, lisomwe hata na paka. Mara tatu Kawsar aliishambulia ngome hiyo. Mara tatu alirudi na biskuti mkononi na ushindi hana.

Ijumaa ya mwisho ikatimu, saa tisa alasiri. Mlangoni alisimama Kyalo, dereva wa mashine ya kunyanyulia mizigo.

"Niaje, Kawsar! Umerudi tena? Kwa huyo mama hutoboi!"

Kawsar akapita kama jemadari. Mama Eve akainuka kati ya magunia, akahutubu:

"Msichana wangu, karibu. Lakini kama ni hiyo maneno ya pasiwedi, rudi na miguu hiyo hiyo. Mimi nimeona mameneja watano wakikuja na wakienda, na pasiwedi yangu iko tu. Kichwa yangu imeshika hiyo na namba ya kitambulisho. Ukiongeza ya tatu, itapasuka. Na nani ataiba unga na kompyuta? Unga inabebwa na mgongo!"

Kawsar akatahayari, kwa kuwa hotuba ilikuwa nzuri. Ndipo akakumbuka alichokisoma asubuhi katika kumbukumbu za mitambo, mstari kwa mstari, hadi macho yakamwasha.

"Mama Eve, jana saa saba mchana ulikuwa wapi?"

"Nje, nakula githeri. Kyalo ni shahidi."

"Basi tazama." Akafungua kompyuta yake. "Saa hiyo hiyo mtu fulani, sijui yuko pembe gani ya dunia, aligonga mlango wako mara arobaini na sita, akibahatisha neno lako la siri. Jina lako liko kila mstari. Hajaingia bado. Akiingia, ataandika oda kwa jina lako, lori litapakiwa, na atakayeitwa ofisini ni wewe."

Mama Eve akainamia kioo, akafuata mistari kwa kidole.

"Mara arobaini na sita?" akauliza Mama Eve. "Nikiwa nakula?"

"Ukiwa unakula."

"Hata adabu hana!" Akakunja mikono ya koti. "Leta hiyo pasiwedi mpya!"

"Chagua maneno manne yasiyohusiana, yakuchekeshe, ili usiyasahau. Mimi usiniambie."

Kawsar akageuka ukutani. Mama Eve akawaza, akacheka hadi koti likatikisika, akaanza kuandika kwa kidole kimoja kama kuku adonoaye mtama. Mashine, iliyotaka neno la zamani kwanza, ikakataa: si sahihi. Akarudia, ikakataa. Ikawa saa kumi kasoro dakika nane, na moyo wa Kawsar ukapiga ngoma za mauti. Akageuka, akachungulia kibodi, akamwona adui: kitaa kidogo cha kijani, kumbe kitufe cha herufi kubwa kimewaka! Akakibonyeza kwa kidole cha shahada.

"Tena, Mama Eve. Polepole."

Tik. Tik. Tik. Na kioo kikatangaza: *Neno la siri limebadilishwa.*

Mama Eve akachana ile karatasi, akapiga vigelegele vitano. Kyalo akapiga honi ya mashine yake. Muriuki akaja mbio akidhani ni moto. Alipoona kioo, akatia alama ya ishirini na nane kwenye orodha.

"Jumatatu uje na kitambulisho," akasema. "Uandikiwe barua ya kazi."

Kawsar akatoka uani, akampigia babaye. "Aabo, nimepata kazi!"

"Alhamdulillahi!" akanguruma Magan. "Umeshika mwizi?"

"Hapana, Aabo. Mama mmoja amebadilisha neno lake la siri."

Magan hakuelewa hata chembe. Kisha Kawsar akamsikia akipanda juu ya robota la mashuka na kuwapaazia sauti wateja: "Enyi watu! Binti yangu amebadilisha mama mmoja, na kiwanda chote kimeokoka!"

Wakapiga makofi duka zima, na duka la jirani likaitikia, bila yeyote kujua anachokishangilia. Na kwa haki yote, ndugu zangu, walikuwa wakishangilia ushindi mkuu kuliko wote uliopatikana Nairobi Ijumaa ile.