Ufa Uliozibwa kwa Wali

Jumatatu, 7 Januari
Siku ya kumi na mbili tangu nijifungue nalala juu ya moto, kama mila yetu inavyomtaka mzazi. Jiko la mkaa uvunguni, mimi na Chura juu ya kitanda cha mianzi. Mgongo umeiva upande mmoja kama samaki aliyesahauliwa. Chakula: wali wa kunata, tangawizi, chumvi ya kuchoma. Tena!

Chura ni binti yangu. Tumemwita hivyo ili pepo wasimtamani. Sikioni namwambia ukweli: mzuri mpaka naogopa. Anakohoa. Kikohozi kidogo, cha kifaranga. Hicho ndicho kinachonila roho.

Leo amekuja Mama Thongdy wa afya. Kabaki na jiko moja jipya, lenye bomba la kutoa moshi nje. Wazazi kijijini tuko wawili: mimi, na binamu yangu Souksada ng'ambo ya njia. Atampa anayejua kutunza moto, kwa sababu lile alilogawa mwaka jana alikuta kuku kaatamia ndani. Jumapili atakagua. Mkaa uwashwe nje, uingie ndani ukishakuwa mwekundu wote. Dirisha wazi. Majivu yazolewe kila asubuhi. Na jiko lenye ufa halifai, cheche hudondoka.

Jiko letu lina ufa. Kidole kinaingia. Nimejaribu.

Lazima nishinde. Chura apumue.

Jumanne, 8 Januari
Nimemwomba mume wangu Khamsing anunue jiko lingine. Kasema siku ya gulio. Gulio gani, hakusema.

Mama yangu kasikia, kakasirika. Eti nyie wote mmekulia juu ya jiko hilo hilo, nani kafa?

Tumekua wanne. Alizaa sita. 

Souksada kapaza sauti kutoka kwake: jamani mwanao mbaya huyo, kichwa kama papai! Ndiyo adabu yetu, mtoto mchanga hasifiwi. Lakini yeye katukana kwa moyo wote. Nikamjibu wake kama kobe aliyefiwa. Tukacheka, meno nje.

Jumatano, 9 Januari
Nimepata! Wali wa kunata! Shuleni tuligundishia madaftari, na hata baada ya kuacha shule darasa la nne, daftari langu lilikuwa bado limeshikana. Nimekanda tonge na majivu, nikajaza ufa, nikalainisha kwa kijiko. Hauonekani kabisa! Mama kasema nimempotezea kifungua kinywa.

Ijumaa, 11 Januari
Mume wa Souksada anawasha mkaa uani kila alfajiri, anapepea mpaka wote uwe mwekundu. Dirisha lao wazi mchana kutwa, Souksada mwenyewe kajifunika mablanketi matatu. Mjinga. Mifupa itaingia upepo.

Nimemtumia Mama Thongdy salamu, kwamba kuku ameonekana kwenye jiko la Souksada. Jibu limerudi kabla ya chakula cha mchana: kuku mwenyewe ni wa kwenu, mje mumchukue.

Jumamosi, 12 Januari


Baridi ilikuwa kali, nikafunga dirisha. Khamsing kaenda shamba, nani wa kupepea uani? Nikamwaga mkaa mweusi, nikawashia humu humu. Kichwa kikaanza kugonga. Nikataka kutapika. Nikampa Chura ziwa, hakushika. Kichwa chake kikaanguka mkononi mwangu kama kitambaa kilicholowa.

Mama kaupiga mlango teke, katuburuta mpaka ngazini. Kwenye baridi ile Chura kalia. Lia, mwanangu! Lia kijiji kizima kisikie!

Nimeapa mbele ya pepo mlinzi wa nyumba: dirisha silifungi tena. Kamwe.

Jumapili, 13 Januari
Ukaguzi. Madirisha yote wazi. Majivu yamezolewa. Mkaa umewashwa nje, mwekundu kama midomo ya bibi harusi. Mama Thongdy kainama uvunguni, kaitikia kwa kichwa, karidhika.

Kisha wali ukaanza kuvimba.

Ukavimba, ukageuka kahawia, ukanukia nyumba nzima. Pa! Kipande kikaruka mpaka mguuni pake. Souksada, ambaye hakualikwa, akachungulia dirishani: heri yako dada, sisi wazazi wenzio tunalamba chumvi, wewe unachomewa maandazi! Mama Thongdy kakiokota kwa koleo, kauliza hii nini. Nikasema dawa. Mama yangu akaonja, akasema chumvi haitoshi.

Jiko kapewa Souksada. Mimi nimepewa pole, na onyo la kutolitumia tena hili.

Jumatatu, 14 Januari
Souksada kamtuma mumewe. Eti niende na Chura, kitanda chao kipana, tulale wote kwenye lile jiko la bomba mpaka siku zetu ziishe. Eti wa kwake anapumua bila kelele, na wangu atapona.

Nimejibu asante sana, kwetu joto lipo.

Kwake! Nimtazame akinihurumia mchana kutwa! Mama Thongdy alisema huenda jiko lingine likaja mwezi wa nne. Safari hii ni langu. Nimekanda tonge jipya, nimetia chumvi ya kutosha, nimekandamiza kwa dole gumba. Linashika vizuri sana. Chura anakohoa, lakini kidogo kuliko jana, naona.

Souksada yuko dirishani kwake, anatazama huku. Nimefunga letu. Kidogo tu, asinione.