Aliyeongoza Msafara wa Kinyumenyume

Jumatatu, tarehe 4

Habari kubwa. Manispaa imetupa ukumbi. Ni ghala la zamani la chumvi, madirisha mawili, paa zima. Kinyozi, ambaye ndiye mwenyekiti wetu, ametangaza kwamba litapewa jina la mtu aliyeongoza msafara wetu kutoka Mlimani. Jumapili atakuja karani wa manispaa kusikiliza ushahidi, kisha kibao kichongwe.

Aliyeongoza ni baba yangu. Hilo halina mjadala. Kaburi lake halina jina. Mvua ya mwaka wa pili baada ya mazishi ilichukua alama, na tulipotafuta mahali penyewe tukakuta majani tu. Basi nataka jina lake lisomeke mahali, hata kama ni juu ya ghala la chumvi.

Shemeji, dada wa marehemu mke wangu, anadai aliyeongoza ni mama yake. Amelisema hilo mbele ya wateja wote wa kinyozi, huku akimpima kinyozi mabega ya koti. Namheshimu marehemu mama mkwe, lakini historia ni historia. Nikacheka kwa dharau. Kicheko kikageuka kikohozi. Nikaletewa maji.

Jumanne, tarehe 5

Nimefunga duka la saa mapema na kuandika daftari la kwanza, kwa ajili ya karani, ambaye si mtu wetu na hajui lolote.

Tuliishi juu ya Mlima miaka elfu moja na ushei. Siku moja Mlima ukasema (ulikuwa ukisema mara chache, na kwa upole) kwamba mgongo unauuma, unataka kulala ubavu, tafadhali tushuke. Ulitupa siku tisa. Tukashuka. Ila Mlima haukupenda kupewa kisogo. Mtu wa kwanza kugeuka alishikwa na kwikwi iliyomfuata mpaka siku ya kuzikwa. Basi watu wote, wazee, wajawazito na mbuzi, walitembea kinyumenyume siku arobaini, macho kwa Mlima, mpaka ulipotoweka. Tulikokuwa tunakwenda hatukukuona. Tulijua tumefika pale mtu mmoja alipojigonga kwenye ukuta wa mji huu.

Mpaka leo tunatoka vyumbani kinyumenyume. Wenyeji hudhani ni adabu.

Mimi mwenyewe nilikuwepo, tumboni mwa mama. Nimeandika hilo kama ushahidi wa aliyeshuhudia. Nimelifuta. Nimelirudisha.

Jumatano, tarehe 6

Mbinu ya kwanza: kumshughulisha Shemeji ili Jumapili asipate nafasi ya kuja. Nimemwagiza foronya thelathini, zikamilike Jumapili jioni bila kukosa. Akaniuliza nina mito mingapi. Nikasema mmoja, lakini natarajia wageni. Akanitazama kama anavyotazama kitambaa chenye doa. Akasema sawa shemeji, lete kitambaa.

Kitambaa sikuwa nimekifikiria. Nimempelekea mapazia yangu.

Ijumaa, tarehe 8

Foronya ziko tayari. Zote thelathini, zimepigwa pasi na kufungwa utepe. Siku mbili tu. Huyu mwanamke si binadamu wa kawaida. Nimelala na kuamka nikionwa na mtaa mzima.

Hata hivyo sikurudi mikono mitupu. Nilimchokoza kwa maswali, kijanjajanja, akaropoka. Mama yake alisimulia kwamba siku zote arobaini hakuuona Mlima vizuri hata mara moja. Aliona migongo ya watu tu. Aliangukia kila mtaro wa njiani, na alikufa na nundu kisogoni.

Moyo ulikuwa unapiga kama saa mbovu. Kwa sababu baba yangu, kila jioni, alikuwa akisema kwamba siku zote arobaini aliuona Mlima mzima, na hakuna kichwa cha mtu hata kimoja kilichomkinga.

Hesabu ni rahisi. Anayeona migongo ya wote yuko mkiani. Asiyekingwa na kichwa chochote yuko mbele kabisa. Nimeyaandika maneno ya wote wawili kwa wino mwekundu na kumwomba Shemeji atie sahihi. Akasoma mara mbili, akanitazama, akauliza kama nina hakika nataka hivi. Nikasema ukweli hauogopi sahihi. Akatia. Nilimwonea huruma, kidogo.

Jumapili, tarehe 10

Sijui nianzie wapi.

Karani alifika kwa wakati, binti mwenye miwani na kalamu tatu. Akanipa shikamoo, akaniita mzee wangu. Nikamsomea madaftari yote manne. Kinyozi alisinzia kwenye la pili. Mwishoni karani akasema maandishi ni mazuri mno, lakini yeye hajawahi kutembea kinyumenyume na picha haimjii.

Hapo ndipo nilipopata wazo la kumwonyesha. Hakuna aliyenilazimisha. Nakiri.

Uani kwa kinyozi kuna tangi la maji. Tangi likawa Mlima, geti likawa mji huu. Nikapanga watu kumi na wawili mstari mmoja, nyuso zote kwa tangi. Shemeji nikamweka mahali pa mama yake, pale mtu anapoona migongo ya wenzake wote. Mimi nikashika mahali pa baba, bila kichwa cha mtu kati yangu na tangi. Nilikuwa karibu nalo kiasi cha kusikia maji. Nikatoa amri: haya, twende, kinyumenyume.

Tukaenda. Nilikuwa na raha isiyo kifani. Tangi nililiona lote, kutu yake, bomba lake, bati lililozibwa kwa lami. Nikamwelewa baba. Mara nikasikia pipa la taka likianguka huko nyuma yangu, na sauti ya Shemeji:

"Nimeshafika mjini, shemeji. Wewe uko wapi?"

Alikuwa getini. Wengine walikuwa wakimfikia mmoja mmoja. Mimi nilikuwa katikati ya ua, peke yangu na tangi.

Karani akaandika kitu. Kisha akauliza, kwa heshima ambayo iliniumiza kuliko tusi, kama marehemu baba alikuwa na sababu maalumu ya kubaki nyuma ya watu wote. Kinyozi, sasa macho makavu kabisa, akasema huenda alisahau birika.

Waliangua kicheko. Nilijaribu kueleza kwamba ua una mteremko.

Jumatatu, tarehe 11

Kibao kinachongwa. Jina la mama mkwe. Sikufungua duka. Nimekaa ndani nimejificha, lakini dirisha halina pazia, kwa hiyo kila apitaye amenisalimia na kuniuliza kama naumwa.

Alasiri Shemeji akaja na chupa ya chai. Akakaa bila kukaribishwa. Akasema mama yake alikuwa akisimulia habari za mwanamume mmoja aliyegoma kuharakisha hatua. Kila wakimwita, anajibu, nakuja, niacheni niutazame kidogo tena. Wakamwachia nafasi ya mwisho, maana hakuna mwingine aliyeuweza mwendo wake.

"Baba yako ndiye wa mwisho wetu kuuona, shemeji," akasema. "Hilo nalo si dogo."

Nikapangusa macho. Kazi ya saa inaharibu macho, hasa alasiri. Akatoka kinyumenyume, akajigonga kwenye kabati.

Jumatano, tarehe 13

Nimepata!

Siku tukirudi Mlimani, mstari utageuka. Ukoo uliofunga msafara ndio utakaoufungua. Yaani mimi. Nimeunda Kamati ya Kurudi na kujichagua mwenyekiti. Kinyozi amesema hakuna anayerudi popote, Mlima umeshalala ubavu na hakuna ajuaye juu ni wapi sasa. Nikamwambia kwanza tupate orodha, juu tutapatafuta tukifika.

Nimezunguka mtaa mzima na daftari jipya. Majina mawili: langu na la Shemeji. Aliuliza tutatembeaje. Nikasema kinyumenyume, bila shaka. Mji umetuhifadhi miaka sitini na sita, hatuwezi kuupa kisogo. Akafikiri kidogo, akasema basi aandikwe wa mwisho kabisa. Nikaandika upesi kabla hajabadili mawazo.

Nimefika nyumbani nikachora mstari kwa rula. Mimi upande wa Mlima. Shemeji upande wa mji. Nikautazama mchoro mpaka chai ikapoa.

Siku arobaini nitakuwa natazama mgongo wa Shemeji. Yeye, bila kichwa cha mtu kumkinga, atauona mji mzima ukienda mbali: dirisha la duka langu, mtaa wa mafundi cherehani, ukuta wa makaburi alikolala dada yake.

Amenizunguka tena. Kesho asubuhi, kabla hajaketi kwenye cherehani, nitamweleza kwamba kuna kosa kwenye orodha. Uongozi achukue yeye, na uenyekiti pia, mama yake alikuwa na kipaji hicho. Nafasi ya mwisho ni ya ukoo wetu, na mimi si mtu wa kuporwa urithi mara mbili ndani ya siku kumi.