Kifaa Kilichomwamkia Bibi

Tiii!

Niliusikia mlio huo leo asubuhi kabla sijafumbua macho. Ningejua, ningejifunika shuka nikalala mpaka magharibi. Jamani, leo nimeadhirika! Nawasimulia kwa sababu karafuu ziko salama. Zingeharibika, mngesikia tu kwamba Salma kahama kisiwa.

Nikatoka chumbani. Nassor, mtoto wa mjomba wangu, fundi wa kompyuta huko Madungu, alikuwa amesimama mlango wa uani na kikombe cha maji. Kijidude chake amekifunga juu ya kijiti, kando ya majamvi tuliyoanikia karafuu za bibi. Tone la maji likikigusa, kinatuma ujumbe kwenye kioo kidogo kilichopo sebuleni, na kioo kinalia. Alikuwa amekinyunyizia maji kukijaribu. Kioo kikaandika neno moja: MVUA.

Bibi yangu, Bi Zuhura, akavaa miwani, akasoma, akaguna.

"Hichi kitu hakina adabu," akasema. "Kinaingia nyumbani kwa watu, salamu hakitoi. Mvua! Kama kinagombana na mtu."

"Bibi, hicho ni kifaa maskini," Nassor akamwambia. "Betri yake kama kifungo cha shati. Kinaamka, kinasema neno, kinalala. Hata lugha yake imefanywa nyepesi makusudi, kisichoke."

"Na sisi tulikuwa maskini, baba. Na tukiamkiana."

Nassor akacheka, akashika njia ya kazini. Mlangoni akanigeukia. "Salma, karafuu zimebakisha jua la leo tu. Zikirowa, jasho lote la bibi limeoza. Ukisikia mlio, toka mbio ukafunike. Na hiyo kompyuta yangu usiiguse."

Niliigusa.

Mlitaka nifanye nini? Bibi yangu avunjiwe heshima na kijiti, na mimi mwandishi wa riwaya nipo ndani? (Haijachapishwa. Msiulize.) Nikafungua pale palipoandikwa MVUA. Kando yake Nassor alikuwa ameandika: mwisho herufi 32, pamoja na nafasi. Nikadhani ni ushauri. Nikafuta neno lake, nikaweka langu:

"Assalaamu alaykum Bi Zuhura. Shikamoo. Habari za tangu asubuhi? Natumai u mzima wa afya. Samahani kwa kukusumbua. Mawingu yamejikusanya upande wa kusini, na matone ya kwanza yamezibusu karafuu zako. Tafadhali zifunike."

Nikaisoma kwa sauti. Machozi yakanilengalenga. (Semeni kweli, "yamezibusu" si pazuri hapo?) Nikabonyeza kitufe cha kutuma kama nilivyokuwa nikimwona Nassor akifanya. Kujaribu sikujaribu. Nikarudi chumbani kwangu, kwenye sura ya kumi na moja, moyo mweupe kabisa.

Adhuhuri ilipokwisha, tiii!

"Wa alaykumu salaam!" nikamsikia bibi sebuleni.

Nikatabasamu peke yangu. Kumbe hata chuma kinafundishika! Agizo la Nassor la kutoka mbio lilikuwa limenitoka kichwani kwa furaha.

Tiii! Kifaa hicho kina tabia moja: usipobonyeza kitufe cha kioo kukijulisha kwamba umepata ujumbe, kinaurudia.

"Wa alaykumu salaam warahmatullah!"

Tiii!

"Salma! Kinanisalimu mara ya tatu hichi. Kina haja gani?"

"Kisubiri, bibi," nikamjibu, kalamu sijaiweka chini. "Wenye heshima hawaanzi na haja."

"Haya. Marahaba, baba. Sema, nakusikiliza."

Tiii!

"Mbona hakiendelei? Kimefika 'Shi', kimenyamaza. Au kimezimia?"

Hapo ndipo nilipotoka. Kioo kilikuwa kimeandika: "Assalaamu alaykum Bi Zuhura. Shi". Basi. Mawingu hakuna. Busu hakuna. Nikahesabu kwa vidole, herufi moja moja, nafasi moja moja. Thelathini na mbili! Mvua yangu yote ilikuwa imebaki nje ya mlango ikingoja zamu yake ya kusema.

Mlango wa uani ukafunguka kwa kishindo. Ni jirani yetu, Bi Time, ambaye salamu zake huanzia uani kwake na kumalizika chai imeshapoa. Leo hodi hakupiga. Salamu hakutoa. Kanga kaifunga kiunoni.

"Mvua!"

Tukatoka mbio sote watatu. Bibi, na magoti yake yale, akanipita! Tukakamata majamvi kwenye pembe, tukayakunja, tukayaburura. La kwanza ndani. La pili ndani. La tatu linavuka kizingiti, mbingu ikamwagika yote kwa pamoja, bati likanguruma, na ua ukageuka maji matupu.

Bibi akatia mkono kwenye karafuu, akazigeuza, akanusa.

"Zimerowa juu juu, kiganja kimoja tu hivi," akasema. "Zitakauka. Alhamdulillahi."

Nikakaa sakafuni kando ya majamvi. Nyumba nzima ilijaa harufu ile kali na tamu niliyozaliwa nayo, na wallahi sijapata kuipenda kama leo.

Ndipo Bi Time akajifuta uso na kanga. "Assalaamu alaykum, shoga yangu. Hamjambo humu?"

"Wa alaykumu salaam," bibi akajibu. "Wewe ndiye unayejua mahali pa salamu."

Nassor alirudi baada ya alasiri. Bibi akamsimulia kila kitu, hakunibakishia hata nukta. Nassor akafungua kompyuta, akasoma maandishi yangu mpaka kwenye "yamezibusu", akarudi nyuma, akasoma tena. Mabega yakawa yanamtikisika. Nyie msinicheke, nawaomba. Yeye amecheka kwa niaba yenu wote.

"Kirudishie utovu wake wa adabu," bibi akamwambia. "Nimekisamehe."

Akafuta yote, akaandika neno lake, akaitia kompyuta kwapani. Nikajiandaa kwa hotuba ndefu. Akanitazama kutoka utosini mpaka miguuni.

"Riwaya," akasema.

Akatoka, akafunga mlango.