Kilima cha Kupumzikia

Natangaza kwa furaha isiyo kifani kwamba kijiji chetu cha Mabawe sasa kina Eneo Maalumu la Mapumziko ya Asili. Wenzetu wa pwani wana bahari; sisi tuna kilima, na kamati ilijiridhisha kwamba ukosefu wa maji ya chumvi hauathiri starehe. Mimi ndiye Mratibu wa Burudani za Nje. Kanuni nimeitunga mwenyewe, nayo ni moja tu: kilimani hapiti mwenye kazi, anapita aliyekuja kupumzika.

Nikafunga kamba njiani, nikamweka Ndassa alinde, Msukuma mmoja asiyejua kupindisha jambo.

Wa kwanza kuleta chokochoko ni mama Eufrazia. Maharage yake yalishakauka shambani ng'ambo ya kilima, na mawingu yalikuwa yanajikusanya. Mvua ikiyakuta nje yataota yote, na ndiyo chakula cha nyumba yake. Ndassa akamuuliza anakwenda kufanya nini. Badala ya kusema anapunga upepo, mama wa watu akasema kuvuna! Akarudishwa. Alipokuja kwangu nilimwonea huruma, nikamruhusu akayatazame kama mtalii, bila kuyagusa. Hakushukuru.

Siku ya uzinduzi mgeni rasmi akateremka garini, suti imenyooka. Kileleni mbuzi anachomwa, harufu inashuka bila kibali. Ndassa akamsimamisha kwenye kamba.

“Shikamoo mzee. Umekuja kikazi au kupumzika?”

“Marahaba. Kikazi, bila shaka.”

“Basi huruhusiwi, mzee.”

Nikamkonyeza Ndassa mpaka jicho likauma, wapi! Akanionyesha bango la kanuni, lenye saini yangu. Mheshimiwa akautazama moshi wa nyama, akameza mate, akatamka mbele ya kipaza sauti: “Haya, nimekuja kupumzika.”

Eufrazia akasogea na kapu lake, adabu tele.

“Shikamoo mheshimiwa. Kama leo wewe mkubwa unapumzika, hawa wadogo zako wako kazini kwa amri ya nani?”

Ndassa akalipima swali, akaliona lina mantiki. Akaweka rungu chini, akaketi. Dereva naye, mtu msikivu, akafunga gari, akaenda na ufunguo wake kumsalimu shemeji yake kijiji cha jirani, Mugoma. Kijiji kizima kikavuka kamba kumsaidia Eufrazia kung'oa maharage, na njiani wakampitia mbuzi. Mheshimiwa na mimi tulipofika kileleni, tukihema, tulikuta mkaa na mifupa.

Mvua ilipoanza kumwaga, maharage yote yalikuwa ndani kwa Eufrazia. Waliobaki nje ni mheshimiwa na mimi, tunateleza kwenye matope kuelekea barabarani. Akaniuliza kwa ukali ni nani aliyetunga kanuni ile.

Nikamjibu kwamba suala hilo nitalishughulikia kesho, maana leo napumzika.