Hema la Kifahari kwa Mama Mkwe

Jumatano, 19 Septemba 2012

Nimepata! Miezi minane natafuta njia ya kuuingia moyo wa Maman Libérate, na leo njia imekuja yenyewe dukani, mkononi mwa mama mmoja wa Kizungu kutoka Morningside. Simu yake ilitumbukia chooni. Nikaifungua, nikaikausha, nikabadilisha betri, ikawaka. Nusura anikumbatie.

Ana shamba milimani, mwendo wa saa mbili kutoka Durban. Wikendi hii ya sikukuu kuna wageni wake wameghairi. Akanipa nafasi zao badala ya malipo: watu wanne, siku mbili, chakula juu yake. Karatasi yake ya matangazo inasema ni Uingereza ya mashambani bila kupanda ndege. Kondoo, maua ya waridi, makaburi ya kihistoria. Malazi ni mahema ya kifahari yenye vitanda vya mbao na mashuka meupe.

Neno hema nitaliruka. Nitasema hoteli.

Alhamisi, 20 Septemba 2012

Nimemwendea Maman Libérate kwenye meza yake ya samaki wakavu. Nimemweleza habari ya hoteli. Hakuacha kupanga samaki. Akauliza kama vyumba vina milango. Nikasema bila shaka. Akauliza kama milango inafungwa kwa ufunguo. Nikapatwa na kikohozi. Mwishowe akakubali, kwa sababu Henriette alimbembeleza.

Niandike wazi jambo lilivyo, nisije nikajidanganya. Henriette ni binti yake, anasuka nywele saluni, nami nampenda. Bila neno la mama yake wajomba zangu hawawezi kwenda kwao kufanya présentation, na bila présentation hakuna ndoa. Mama amekwepa mara tatu. Jana Henriette aliniambia kwamba ana miaka ishirini na tisa na amechoka. Mama yake asipotoa neno hadi Jumatatu, kila mtu ashike njia yake. Alisema hivyo huku anasuka mteja, wala hakuinua kichwa. Iliniuma sana. Mteja alinihurumia, nilimwona kwenye kioo.

Shida ni usafiri. Mwenye gari katika kwaya yetu ni mmoja tu: Shem. Mkenya, anasomea udaktari wa historia chuo kikuu, anaimba sauti ya tenor, na kila Jumapili anamletea Maman Libérate maparachichi. Nia yake inaonekana hata na kipofu. Lakini gari ni gari. Nimemwalika. Yeye ataendesha, mimi nitang'ara.

Ijumaa, 21 Septemba 2012

Maandalizi. Nimekariri majina ya ndege kumi na sita na wafalme wa Uingereza wanane. Nimetoa suti nyeupe kwa dobi. Viatu vya ngozi ya mamba nimeving'arisha mara mbili. Peguy, mwenzangu wa dukani, amesema shambani watu huvaa gambuti. Nimemjibu kwamba Mkongomani hafiki ugenini kama mtu aliyekimbia moto. Hajui mambo, huyu. Na yeye ni Mkongomani!

Jumamosi, 22 Septemba 2012

Tumefika saa tano. Bata bukini amening'ata mguu kabla sijafunga mlango wa gari. Nikaendelea kutabasamu.

Mahema yalikuwa kumi na mawili, meupe, yamepangwa mstari mmoja kwenye majani, kila moja na namba yake. Yanapendeza! Mwenye shamba akaja mbio na bangili za karatasi za kutuvalisha, maana bila bangili huli. Maman Libérate alikuwa ameshuka, amevaa kitenge chake cha Krismasi. Alisimama tu. Akayatazama mahema tangu la kwanza hadi la mwisho. Kisha akamwambia Henriette, polepole, lakini nilisikia.

"Miye nililala mu hema miaka saba. Mungu alinitoa mule. Ule kijana wako ananirudishamo, na namba juu?"

Akarudi ndani ya gari akafunga mlango.

Henriette akanivuta pembeni. Miaka saba, kambi ya wakimbizi, Tanzania. Huko ndiko walikomzika baba yake. Akaniuliza inawezekanaje nisijue, wakati mama yake hutoa ushuhuda kanisani kila mwaka, saa nzima, Jumapili ya mwisho ya Septemba, siku za kumbukumbu ya kutoka kambini. Nikakumbuka. Saa hiyo mimi huwa benchi la nyuma natengeneza simu za mashemasi.

Niliona aibu. Aibu ya kweli, dakika tano nzima. Halafu nikapata wazo.

Nikang'oa kibao cha namba kwenye hema lake. Nikaweka zulia mlangoni, nikatundika pazia mbele ya zipu, nikaazima kengele ya ng'ombe iwe kengele ya mlangoni. Nikamwita Maman Libérate aje aone kwamba hii si hema, ni nyumba ya kitambaa. Akapandisha kioo cha gari.

Amelala humo humo, kiti cha nyuma. Shem alimpa blanketi na funguo, kimya kimya, kama kawaida ya watu wanaojipendekeza. Mimi na Shem tukalala hema la pili. Kumbe ni la maharusi! Kitanda kimoja, maua ya waridi juu ya shuka, glasi mbili. Shem alifagia maua akalala fofofo. Mimi nilibaki na sehemu yenye miiba.

Jumapili, 23 Septemba 2012

Asubuhi mwenye shamba alitupeleka kuona makaburi. Mawe manne ya wakulima Waingereza wa zamani, chini ya miti ya mwaloni. Maman Libérate alikuja, kwa ajili ya kunyoosha miguu. Nafasi yangu! Nikaeleza kwamba hapa amelala kapteni aliyepigana vita vikali kwa farasi mweupe. Shem akainama akasoma jiwe. Akasema kwa upole kwamba ni mtoto wa miezi mitatu, homa. Maman Libérate akaokota majani makavu juu ya lile kaburi, akasimama pale muda mrefu. Nikamwonyesha ndege. Nilimtaja kwa jina. Mwenye shamba akasema yule ni kuku.

Saa tisa mbingu ikawa nyeusi. Upepo, halafu mvua ya mawe. Hema la kwanza likang'oka, la pili likafuata. Mume na mke kutoka Johannesburg walipita wakikimbiza godoro lao. Mwenye shamba alisimama katikati ya uwanja ameshika mashavu.

Hapo Maman Libérate alishuka kutoka kwenye gari. Amefunga kitenge kiunoni, hana viatu. Kumbe sauti ile ya kunadi samaki inasikika hadi mlima wa pili! Akasema vigingi vimepigiliwa wima kama mishumaa ya keki, vilazwe. Akasema maji yanaingia kwa sababu hakuna mfereji, kila hema lichimbiwe mfereji, na udongo urundikwe upande wa ndani. Henriette akatafsiri kwa Kiingereza. Hakuna aliyebisha. Wazungu wakachimba. Shem akachimba hadi viganja vikachubuka. Maman Libérate alipita hema kwa hema akijaribu kamba kwa kidole, anakaza, anasonga mbele.

Mimi nililinda gari, kutoka ndani. Mtu lazima alinde gari. Na suti nyeupe si nguo ya kuchimbia, yeyote mwenye akili analijua hilo. Kwa usalama zaidi nilifunga milango. Maman Libérate alikuja kuchukua kamba kwenye buti akakuta pamefungwa, tukatazamana kwa kioo. Nikampungia mkono.

Mahema kumi yalisimama. Mvua ilipokwisha nikatoka na mwavuli nikamfunika.

Jumatatu, 24 Septemba 2012

Siku ya neno. Mwenye shamba amemkumbatia Maman Libérate akalia, akamfungia jibini na mtungi wa jamu. Kwangu hakusema kitu, ingawa simu nilitengeneza mimi.

Njiani nilikaa kiti cha nyuma, kinyesi cha bata bukini kwenye kiatu cha mamba, nikingoja hukumu. Mama akamgeukia Shem. Akasema ameona mikono yake. Kwa nini mtu kama yeye haleti watu wake kwake kuposa? Henriette alitazama nje.

Shem akacheka. "Ai, Mama, mimi nina wangu. Wangari. Ako Nakuru, harusi ni Desemba. Mtakuja, ama?"

Na maparachichi? Mti uko uani anakopanga, yanamwozea. Miezi minane namchukia mtu bure! Nilihisi nimedhulumiwa.

Tukafika robot ya kwanza ya mjini, zile taa za kuongoza magari. Taa nyekundu. Hapo Maman Libérate akaongea bila kugeuka.

"Ladislas. Binti yangu anakupenda, sijui juu ya nini. Sitaki hoteli. Sitaki suti. Siku ya Mungu hii inakuja nitasema ushuhuda. Weye ukae mbele, usikilize mpaka mwisho. Kiisha ukuje unielezee vile nilisema. Ukijua njia tulipita na huyu mtoto, wajomba wako wakuje."

Henriette akanishika mkono. Akanong'ona kwamba ni jambo dogo, Ladislas, ni kukaa na kusikiliza tu. Machozi yalinitoka, siyafichi. Nimekubaliwa!

Jumapili, 30 Septemba 2012

Siku njema kuliko zote. Niliamka mapema nikatoka moja kwa moja hadi Mobeni, maana bwana mwenye ghala la kukodisha vitu vya sherehe hupunguza bei asubuhi ya Jumapili tu, na présentation nzuri haijiandai yenyewe. Kwa ajili ya ushuhuda nimempa Peguy simu yangu bora, akae benchi la mbele anirekodie. Nitausikiliza nikipata nafasi.

Henriette amepiga mara sita. Furaha, bila shaka. Peguy naye amepiga, anasema Maman Libérate alinyamaza katikati ya ushuhuda, akaitazama ile simu, akaenda kukaa. Betri, nadhani. Peguy hajui kuchaji.

Lakini nimepata! La mita ishirini, jeupe, lenye madirisha ya plastiki. Mwenye ghala aliuliza kama mama wa bibi harusi hatapendelea ukumbi. Nikamcheka. Nikamwambia huyo mama sikuanza kumjua leo. Nilimwona kwa macho yangu mawili, kwenye mvua ya mawe, anavyozishika zile kamba. Hakuna mtu Durban nzima anayependa mahema kama yeye.