Nilivyofuka Moshi Mbele ya Wakwe

Mwenzenu nimerudi Somanda nimevaa koti la baba mkwe wa mdogo wangu. Gauni langu la kitenge lina tundu kifuani. Simu sina. Hapa naandika kwa simu ya mume wangu, na yeye amekaa pembeni anacheka mpaka anashika ukuta. Leo nimedhalilika, tena mbele za watu wazima. Ngoja niwasimulie mwenyewe kabla hamjaiona video, maana kuna waliorekodi badala ya kusaidia.

Simu yangu mnaijua. Mmeshaiona pale dukani kwangu. Ilikuwa inakufa chaji mapema, nikampelekea fundi mmoja wa stendi akaibadilisha betri. "Dada, hii original," akaniambia. Nikamwamini, kwa sababu alisema kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa siri ya serikali.

Haikuchukua muda simu ikaanza kunenepa. Kioo kikawa kinaachana na mwili. Nikairudisha kwa fundi. Akaibonyeza kwa kidole gumba, akanitazama kama daktari.

"Imejaa gesi kidogo tu. Ikizidi niletee niitoboe, nitoe upepo."

Jamani, kama tairi! Na mimi, mtu mzima, mama wa watoto, nikajibu, "Sawa fundi."

Nikaifunga rababendi, maisha yakaendelea. Mume wangu akalalamika: "Mama Kulwa, hicho kitu kitatuchoma. Mtu akivimba mguu anakwenda hospitali, wewe simu imevimba umeifunga kamba!" Nikamuuliza, "Kwani wewe ni fundi?" (Msimkumbushe hilo swali. Leo amelikumbuka mwenyewe vya kutosha.)

Sasa twende kwenye balaa lenyewe.

Mdogo wangu Sayi amepata mchumba, binti mmoja mtulivu anaitwa Minza, kwao Nkololo. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kwenda kujitambulisha kwa wazazi wake. Kiongozi wa msafara ni baba yetu mdogo. Msemaji ni mimi. Kwa nini mimi? Kwa sababu ya mdomo. Ukoo wetu wote unaamini nikishika maneno, hata ng'ombe anaacha kucheua asikilize. Sayi peke yake ndiye aliyesita.

"Dada, naomba usiongee sana."

"Tulia mdogo wangu. Leo watatukumbuka."

(Wametukumbuka.)

Asubuhi umeme ulikuwa umekatika na simu yangu ilikuwa imezima. Na hotuba nzima nilikuwa nimeiandika humo humo kwenye simu! Kwa hiyo tulipopanda gari la kukodi nikaichomeka kwenye chaji ya gari, nikailaza mbele pale chini ya kioo, jua lote la Bariadi linaishukia. Baba mdogo, aliyekaa mbele, akaigusa akarudisha mkono haraka.

"Ng'wanone, mwanangu, mbona inachemka kama kiazi?"

"Ndiyo inakula chaji hiyo, baba."

Akaniamini. Familia nzima tuna tatizo la kuamini watu wanaoongea kwa kujiamini.

Tukafika. Tukasalimiana Kisukuma, mwadila, mwadila, wanawake tukapiga magoti, tukakaribishwa viti. Baba yake Minza, Mzee Ngasa, ni mtu mrefu, maneno yake machache. Akikutazama unaanza kukumbuka dhambi zako. Pembeni yake alikaa mama yake mzazi, Bibi Holo. Na upande wetu wa kulia, juu ya turubai, palikuwa na pamba. Pamba nyingi, imechambuliwa, nyeupe, inasubiri kupelekwa kuuzwa. Nahisi viti vilipangwa karibu nayo makusudi ili wageni tuone kwamba nyumba hii inafanya kazi.

Nikaitoa simu kwenye pochi nipitie hotuba kidogo. Loo! Kioo kimeinuka, rababendi imekaza kama mkanda wa mtu aliyetoka kwenye sherehe. Nikaona mashangazi wa Minza wananitazama. Msemaji wa familia, kitenge kipya, kilemba cha nguvu, halafu simu imefungwa rababendi? Nikageuka kidogo, nikaichomeka kifuani ndani ya sidiria. Wanawake wenzangu mnapajua hapo. Ndiyo kabati letu.

Mzee wa kanisa, jirani yao, akaombwa afungue kwa sala. Baba wa watu akaanzia kwa Adamu. Alipofika kwa Nuhu nikaanza kusikia joto kifuani. Nikasema ni jua. Alipofika kwa Ibrahimu nikasema ni kitenge kipya, hakijafuliwa. Halafu mzee akapandisha sauti:

"Bwana, shusha moto wako mahali hapa!"

"Amina!" nikaitikia kuliko wote.

"Uwashe mioyo yao!"

"Amina!"

Joto likazidi. Hapo nikaanza kuamini kwamba kumbe siku zote nimekuwa nikikosea kanisa, sala za kweli ziko Nkololo.

Ningeweza kuitoa simu. Lakini fikirieni: niingize mkono kifuani mbele ya wakwe, macho yote yananitazama, nitoe simu yenye rababendi? Nikaona heri nivumilie. Nikasimama kuongea hivyo hivyo, hotuba nikaitoa kichwani.

"Baba zetu, mama zetu, bibi yetu," nikaanza, sauti nimeipanga. "Sisi tuliokuja hapa ni watu watulivu. Mkiuliza kwetu, mtaambiwa. Hatuna fujo. Hatuna makelele. Binti yenu akija kwetu atakaa kwa amani, hatasikia hata..."

Pssssssss.

Watu wakatazamana. Mimi pia nikatazama pembeni, nimtafute mwenye adabu mbaya. Kisha nikasikia harufu, kali na tamu tamu, kama ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Bibi Holo akanyoosha kidole kwenye kifua changu.

"Mayu, mama yangu! Mgeni anafuka!"

Nikainama. Moshi mweupe unapanda kutoka kwenye shingo ya gauni langu, unapita puani kwangu, unaelekea kwenye kilemba. Na hapo moto ukanigusa ngozi.

Adabu ya ukweni ikaishia hapo. Nilipiga ukelele ambao nadhani Bariadi mjini waliusikia. Nikaingiza mkono kifuani hadi kwenye kiwiko, mbele ya Mzee Ngasa, mbele ya mzee wa kanisa, mbele ya mashangazi wote, nikalichomoa lile dude na kulirusha mbali bila kuangalia.

Lilitua wapi? Kwenye pamba.

Ndugu zangu, mnajua pamba. Msimu mzima watu wamelima, wamepalilia, wamepulizia dawa, wamechuma kwa migongo yao. Simu ikatema moto kama fataki, na pamba ikaitikia. Nikaona mstari mwekundu unakimbia juu ya weupe. Sikuwahi kutamani ardhi inimeze kwa dhati kama pale.

Watu wakagawanyika. Wengine wakakimbilia nje ya boma. Vijana wawili wakatoa simu kurekodi. Mzee wa kanisa akarudia sala, safari hii akiomba moto uondoke. Baba mdogo akawa anazunguka kiti chake akisema, "Maji! Maji!" lakini hasogei.

Aliyesogea ni Minza. Yule binti mtulivu alitoka mbio jikoni, akashika pembe ya turubai na kuanza kuvuta upande ambao haujawaka. Sayi akaruka, akashika pembe nyingine. Hakuna aliyemwambia mwenzake kitu. Wakalikunja turubai na pamba isiyoungua, ikaachana na ile inayowaka kwenye kona, kisha Sayi akaanza kutupia mchanga kwa sufuria huku Minza akimwagia ndoo ya maji. Bibi Holo naye alikuja na beseni la kunawia mikono, akamwaga. Nusu ikaenda kwenye moto, nusu kwangu. (Sijui kama ilikuwa bahati mbaya.)

Moto ukazimika. Iliyoungua ilikuwa kona ya turubai na pamba kidogo.

Sasa mtu mwenye akili angekaa chini. Mimi nikakumbuka laini yangu. Namba zote za wateja! Nikaisogelea ile simu, imelala kwenye maji imetulia kama maiti. Nikainama kuichukua.

"Wifi, usi..." Minza akaanza kusema.

Pssssss! Ikawaka tena, ndani ya maji hayo hayo! Nikaruka nyuma nikamkalia baba mdogo mapajani. Video ya pili hiyo.

Tukaiacha huko mbali na kila kitu mpaka ikachoka yenyewe. Mzee Ngasa akavua koti lake, akaninyooshea bila kunitazama, maana gauni langu lilikuwa halifai tena kutazamwa. Nikalivaa. Mikono imenipita, nimekaa mbele za watu kama mtoto aliyevalishwa nguo za baba yake.

Shangazi mmoja wa Minza akasema kwa sauti. "Mimi sijawahi kuona mgeni anayetoa moshi kifuani. Hawa wamekuja na mambo yao."

"Siyo mambo, mama," nikasema kwa sauti ndogo. "Ni betri."

"Betri gani inazomea kama nyoka?"

"Iliyovimba."

Sayi alikuwa amesimama amejaa masizi, macho yamemlegea. "Dada," akanong'ona, "nilikuomba usiongee sana." Nilitaka kumwambia kwamba mimi nilikuwa nimenyamaza, iliyoongea ni simu. Lakini nilipomtazama usoni, utani wote ukaniisha. Mdogo wangu alikuwa anaona ndoa yake inaondoka na ule moshi. Hapo ndipo iliponiuma kweli, kuliko hata lengelenge.

Mzee Ngasa akakohoa. "Kila mwenye simu aitoe. Aiweke pale wazi, kwenye udongo. Nataka kuona kama mmebaki na nyingine kama hiyo."

Na hapo, ndugu zangu, ndipo kiburi cha watu kilipopungua.

Baba mdogo akatoa yake taratibu: imefungwa rababendi. Mzee wa kanisa akatoa yake: selotepu mzunguko mzima, kifuniko kimetuna. Mmoja wa wale vijana waliokuwa wanarekodi akaiweka yake chini, nayo ikawa inayumba kama mtumbwi, mgongo umevimba. Yule shangazi wa "mambo yao" akasema yeye hana simu. Ikaita kwenye kanga yake. Akaitoa: kava limeachana na mwili, unaona hadi ndani!

Hakuna aliyenishangaa mimi tena. Tulizitazama zile simu zilizopangwa juani kama watu wanaotambua maiti. Mzee wa kanisa akawahi kuwaambia watu wazihamishie kivulini.

Mzee Ngasa akawa anatikisa kichwa, anatusikitikia wote. Bibi Holo akaingia ndani, akatoka na taa ya sola, ile ya kuchaji. Tumbo la taa limepasuka pembeni, betri inachungulia.

"Na hii unayoniwekea kwenye mto kila siku?" akamuuliza mwanawe.

Mzee Ngasa akaichukua. Akaigeuza. Akaiweka chini na zingine, akarudi kukaa.

Kisha akamtazama baba mdogo. "Msemaji wenu ameniambia ninyi ni watu watulivu."

Baba mdogo akatazama kule kwenye simu yake yenye rababendi.

"Hilo sijaliona. Ila kijana wenu nimemwona. Pamba yangu ilipowaka hakukimbia wala hakupiga kelele, alivuta pamoja na binti yangu. Mngenieleza maneno mazuri mpaka jioni, nisingeyajua hayo. Nendeni, mrudi siku nyingine tuzungumze ya mbele."

Sayi akashusha pumzi. Minza, aliyekuwa amerudi jikoni, akainama akachochea kuni ambazo zilikuwa hazihitaji kuchochewa.

"Na msemaji?" baba mdogo akauliza. (Kwani lazima uulize?)

Mzee Ngasa akanitazama ndani ya koti lake. "Aje. Ila mumpekue kabla hajaingia."

Wakwe wote wakaangua kicheko. Sayi alicheka. Mzee wa kanisa alicheka mpaka akafuta machozi.

Tuliporudi mjini nikapitia zahanati. Nesi akauliza nimeungua na nini. Nikasema simu. Akauliza, "Ulikuwa unaongea na nani?" Foleni nzima ya dirisha la dawa ikacheka. Kisha nikapita stendi kwa fundi, nikiwa na koti lile lile.

"Fundi, betri yako imelipuka."

Hakustuka hata kidogo. "Uliitoboa?"

"Sijaitoboa!"

"Basi hiyo siyo niliyokuuzia. Zangu hazilipuki, huwa zinavimba tu."

Nimefika nyumbani, nimepakwa dawa, nimekaa. Kama simu yako imeanza kunenepa, usiifunge, usiitoboe, usiibebe kifuani. Itoe ndani ya nyumba. Haina mimba hiyo.

Na ninyi mtakaonitumia pole halafu mmalizie na kile kikatuni cha moto, majina yenu nitayaona.